Kitu Cheupe Begani mwa Shangazi

Meno yangu ya utoto yalikuwa bado yanang'oka vita vilipoufunga mji wetu wa Kindu. Jioni moja, mvua ilipokatika, mpiga picha alipita mtaani kwetu Alunguli akatupiga picha mbele ya nyumba. Shangazi Zaina, dada ya baba, alikuwa amembeba mdogo wangu Hamisi. Filamu ilingoja ndege ya kuipeleka Goma ikasafishwe. Picha iliporudi, Hamisi tulikuwa tumeshamzika. Homa ilimchukua kwa siku tatu.

Juu ya bega la shangazi palionekana kitu cheupe, kirefu kama mkono, chenye mabawa yaliyojipanga ubavuni, kimemwelekea mtoto. Bibi yetu, mama wa mama, ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini: "Njo hiki kilikula mutoto."

Nikaanza kumwogopa shangazi kama mchawi, yeye aliyekuwa akinisuka nywele. Nilikataa kulala naye chumba kimoja. Wakubwa wakakaa, wakaamua aende kijiji cha Tunda kwa ndugu zake wengine, ingawa njia nzima ilikuwa na askari. Aliondoka kwa miguu. Mimi nilijificha nyuma ya mlango asije akaniaga.

Mwaka huu binti yangu alirekodi kumbikumbi kwa simu, wakiruka uani jioni baada ya mvua. Alipoisimamisha video, nikakiona kitu kile kile, tena si kimoja. Nikamuuliza ni nini. Alinieleza kuwa mwanga ukiwa mdogo, kamera huchelewa kufumba jicho, na mdudu anayepita kwa kasi huacha mapigo yote ya mabawa yake katika picha moja, yakafanana na mwili mrefu. Ndipo nikakumbuka kwamba jioni ile tulikuwa tukikimbiza kumbikumbi, hata mpiga picha akatukemea tutulie.

Nilipanda pikipiki hadi Tunda. Shangazi, mzee sasa, aliishika simu, akaitazama video nikimweleza.

"Nilijua sikumufanya Hamisi kitu," aliniambia. "Lakini picha ilionyesha. Nikawaza, labda kinatoka ndani yangu na mimi sijui. Njo maana sikubeba tena mutoto wa muntu."

Nilimwomba msamaha. Akasema nilikuwa mtoto, na ni kweli. Ila wakubwa wale wote wamekufa, na aliyebaki wa kumwomba shangazi msamaha ni mimi tu. Habari ya kumbikumbi nilimweleza kwa dakika chache akaelewa. Namna ya kuiamini tena mikono yake mwenyewe, hiyo sikuwa nayo ya kumpa.