Mume Wangu Alijua Maji ya Ploti Yetu ni Mabaya, Akaokoa Nyumba Yake Pekee

Admin, toa jina langu kabisa, na ukiona mahali nimejisahau nikasema sana, futa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto wawili, tunaishi kwa ploti moja ya nyumba za kupanga karibu na Dagoretti Corner. Mume wangu anafundisha chuo kikuu na utafiti wake ni wa maji. Majirani wanamwita Daktari wa Maji, na mimi nilikuwa naringa na hilo jina, siwezi kuwadanganya.

Ploti yetu ina kisima cha kuchimbwa na mashine, na maji yake ndiyo yanatoka kwa mifereji ya bomba ya nyumba zote. Alipoanza kupima visima vya upande huu wa Nairobi, mimi ndiye nilimsaidia. Nasuuza chupa kwa maji yaleyale ya kisima, najaza mpaka juu hewa isibaki, nabandika namba. Ya kisima chetu niliibandika kwa mkono wangu. Majibu yalipotoka nikamwuliza, "Baba Ndanu, ya hapa kwetu yakoje?" Akasema ni ya kawaida tu. Basi nikaenda kwa chama nikawaambia wamama wa ploti wanywe bila wasiwasi, mume wangu ameyapima. Aliyeniamini zaidi ni dadangu Mwikali, anakaa hapa chini yetu na watoto wake.

Haikupita muda mume wangu akaanza kutuletea mitungi ya maji ya dukani. Ati figo zinamsumbua, na afadhali nyumba yote inywe hayo. Mimi nikamhurumia, hata nilikuwa namkumbusha akisahau kuyanunua.

Mwezi uliopita kazi yake ilichapishwa kwa jarida kubwa la wasomi, mwenzake mmoja akatualika chakula kwake Lavington kumpongeza. Watu wanamshika mkono, mimi nimekaa hapo na nguo mpya, nafurahi. Mwenyeji wetu akanipa nakala, akasema na mimi nimeshukuriwa ndani. Nikiwa natafuta jina langu nikapita kwa jedwali, nikaona ile namba ya kisima chetu. Floraidi yake ilikuwa juu kuliko ya visima vingine vyote. Chini yake wameeleza kwamba maji kama hayo huharibu meno ya watoto na mifupa, na kuyachemsha hakusaidii kitu.

Sasa nyinyi hamumjui Mwikali. Huyo huchemsha maji mpaka yanapungua kwa sufuria, akidhani analinda watoto. Kijana wake mkubwa meno ya mbele yameota na madoa ya kahawia, wenzake shuleni wanamtania, siku hizi akicheka anafunika mdomo. Na mume wangu amekula kwa ile nyumba mara ngapi? Amemwona huyo mtoto, akamwambia mamake ampunguzie peremende. Peremende, jamani. Na Mwikali akamtii.

Tukiwa kwa gari nikamwuliza kama alijua. Hakukataa.

"Mama Ndanu, mwenye ploti alinifungulia nipime kwa sharti nisikitaje kisima chake. Nikikitaja, nani Nairobi hii atanifungulia geti tena? Hiyo ndiyo kazi inatulisha."

"Na Mwikali je?"

"Nikimwambia Mwikali nimeambia ploti nzima. Wewe na watoto niliwatoa kwa hayo maji. Unataka nini zaidi?"

Ningejua ana mwanamke mwingine nadhani ningeumia kidogo kuliko hivi. Alichukua mdomo wangu akautumia, kwa sababu wale wamama hawakumwamini yeye, waliniamini mimi. Tunalala kitanda kimoja na simwongeleshi.

Mwikali ana mtoto mchanga ameanza tu uji. Nimekuwa nikimpelekea mtungi kila ukiisha, nikimwambia ni zawadi ya mtoto, na yeye ananiombea baraka kwa Mungu hadi naona aibu. Jana jirani yetu, Mama Brayo, ambaye ni mjamzito, akanikuta kwa ngazi nimeubeba. Akaniuliza, "Kwani haya ya mfereji yako na shida? Mimi ndiyo nakunywa."

Nikamwambia hapana, ni tumbo tu la mtoto wa Mwikali. Akaniamini, akaenda kujaza ndoo yake.

Nikisema, kazi ya mume wangu imeisha na pengine ndoa pia, na mwenye ploti anaweza kutufukuza sote, hata dadangu. Nikinyamaza, na mimi nimekuwa kama yeye, tena jana nimeshaanza. Ninyi mlio na watoto, msinitukane, nishaurini tu: nianze kubisha mlango wa nani, na nikifunguliwa niseme nini?