Fundi wa Fataki na Viti vya Mbele

Jumamosi jioni nilikuwa Karurumo, kwa sherehe ya mwalimu aliyestaafu. Fundi wa fataki alihesabu hatua thelathini kutoka kwa mabomba yake ya kurushia fataki, akafunga kamba, akatuambia, "Msivuke hapa. Cheche ikiingia kwa jicho, hiyo ni permanent."

Tulitii. Lakini MC alipoona ile nafasi tupu, alishtuka. "Mbele inakaa empty na tuko na wageni wa heshima?" Akashusha kamba, akapanga viti vyenye vitambaa vyeupe ndani kabisa.

"Mzee, hapo ndipo cheche zinaangukia," fundi akasema.

"Kwa hivyo mheshimiwa akae nyuma na watoto?" MC akauliza.

Mheshimiwa alikuwa ameshaketi, mikono juu ya tumbo. "Washa, kijana. Usitucheleweshe."

Fundi akatia kiberiti mfukoni, akavuta kiti, akaketi kando ya mheshimiwa. "Basi tukae," akasema.

Walikaa hivyo mpaka mheshimiwa akakumbuka ana mkutano kwingine. Viti vikaondolewa, fataki zikawashwa, hakuna aliyeumia.

Miaka minne nazungusha degree yangu maofisini, naambiwa sina experience. Honestly, hao wote wanaoniambia hivyo, sijaona hata mmoja anayejua kazi yake kama yule fundi, kiasi cha kukataa kuifanya.