Msusi Aliyesomeshwa na Wateja Wake

Saa mbili asubuhi, kichwa cha kwanza kimeshainamishwa. Mwenye kichwa ni muuza samaki ambaye soko zima linamwita Kasuku. Ameketi sakafuni juu ya mto, na kitabu kinene kimefunguliwa mapajani mwake. Nyuma yake, juu ya kigoda, msusi anagawa nywele kwa ncha ya kitana.

"Haya mama, soma."

Kasuku anakisogeza kitabu mbali, halafu karibu, halafu mbali tena, kama mtu anayekagua samaki wa jana. "Ga-ru-lo-us," anasoma, kila herufi akiipa haki yake.

"Mtu mwenye maneno mengi yasiyo na kituo," msusi anajibu bila kuinua macho.

"Hili ni langu," Kasuku anawatangazia wanaosubiri kwenye benchi. "Nilipewa mwaka jana. Wengine mtafute yenu."

Saluni yenyewe ni ndogo. Upande mmoja kuna mashine ya kusaga unga, upande wa pili fundi viatu, na mteja akipiga chafya humu ndani, "afya" huitikiwa kutoka kuta zote mbili. Kioo kimepasuka pembeni. Nywele za bandia zimetundikwa kwenye misumari kama mikia ya farasi waliogoma kuondoka. Inasemekana fundi viatu amesikia Kiingereza kingi kupitia ukutani, hata siku moja alimwita mkewe kwa neno asilojua maana yake, akalala na njaa. Mwenyewe anakanusha. Mkewe hakanushi.

Msusi ana miaka thelathini na mmoja, na wateja wamempa jina la Dada Kamusi. Ana shahada ya kemia. Baada ya kuhitimu aliomba kazi kila mahali, "mpaka karani wa posta akawa ananiuliza yeye kama nimejibiwa." Hakujibiwa. Ndipo shangazi yake, mwenye saluni hii, alipomwita.

"Nilimwambia aje na kemia yake," anasema Shangazi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele. "Humu mna dawa za nywele na sabuni. Kemia haitakaa bure."

Kazi haimtajirishi mtu. Kichwa cha rasta nyembamba humlisha siku mbili, na cha mistari hulipia chakula cha mchana tu. Lakini Dada Kamusi hakuacha kuwaza kusoma zaidi. Alipata chuo cha ng'ambo chenye ufadhili wa shahada ya uzamili, kwa sharti moja: afanye kwanza mtihani wa kuombea nafasi, na sehemu kubwa ya mtihani huo ni msamiati wa Kiingereza.

Hesabu hazikumtisha. Kiingereza ndicho kilichomtisha, na si kile cha darasani. "Ni yale maneno ambayo nadhani hata wenyewe huyatoa kabatini siku ya mgeni," anasema.

Tatizo la pili lilikuwa mikono. Msusi hana mkono wa kushikia kitabu. Asubuhi hadi jioni vidole vimo kwenye nywele, na akirudi nyumbani haviwezi kufungua hata ukurasa.

Shangazi ndiye aliyelitatua. "Mteja ana mikono miwili na hana kazi nayo," alisema. "Mpe ashike yeye."

Basi wateja wakageuka walimu. Anayejua kusoma alisoma, asiyejua alitaja herufi moja moja, na Dada Kamusi akajibu huku anasuka. Kila neno likapata kichwa chake. Nesi mmoja anayeweza kusukwa kutwa nzima bila kutoa sauti akapewa "taciturn", yaani mtu asiyependa kusema. Mwalimu mstaafu mwenye nywele zilizowahi kuvunja vitana akapewa "obdurate", yaani mkaidi asiyelainika. Alipoelezwa maana, alicheka, kisha akadai apunguziwe bei.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa ambalo msusi peke yake angeweza kulifanya.

Siku ya mtihani wa kwanza, Dada Kamusi alikaa mbele ya kompyuta, mikono imelala mapajani. Maneno hayakuja. "Nilijua yapo," anasema. "Yako kwenye vichwa vya watu, na vichwa nimeviacha saluni. Nilijifunza kwa vidole, kumbe vidole visipofanya kazi na akili nayo imekaa."

Alianguka. Chuo kikamjibu kwa upole kwamba anaweza kurudia mara moja tu. Akianguka tena, ufadhili atapewa mwingine.

Alirudi saluni akavaa aproni, akasuka vichwa viwili bila kusema neno. Wa tatu alikuwa Kasuku, ambaye hana uwezo wa kuvumilia kimya.

"Umefiwa?"

"Nimeanguka, mama."

"Umeanguka wapi? Mbona huna hata mchubuko." Kasuku aligeuka mzima mzima, nywele zikamponyoka msusi mikononi. "Sikiliza mwanangu. Keti juu ya hiyo mikono. Nikuulize hivyo hivyo."

Ndivyo walivyoanza upya. Katikati ya kila msuko, Dada Kamusi aliacha nywele, akakalia mikono yake, na mteja akamuuliza maneno mpaka yakaja yenyewe. Kichwa kilichokuwa kikimalizika mchana sasa kilimalizika jioni. Wateja wanaapa kwamba mmoja aliyekuja kusukwa aende harusini alifika wakati bibi harusi ana mimba ya pili.

Hata hivyo hakuhama mtu. Aliyenung'unika ni nesi peke yake. Alisema maneno mawili, "Nimechelewa kazini," na wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza mlangoni, kitabu tayari amekipakata.

"Mtu akikupa kichwa chake amekuamini," anasema Dada Kamusi. "Akikupa na siku yake nzima, hilo mimi sina neno lake. Si la Kiswahili, si la Kiingereza."

Siku moja kabla ya mtihani wa pili, Kasuku alisimama akiwa amesukwa nusu, akajifunga kitambaa. "Nusu iliyobaki utaimalizia ukifaulu," alisema. "Ukianguka, nitauza samaki hivi hivi, na kila atakayeniuliza nitamwelekeza kwako."

Kwenye chumba cha mtihani, safari hii maneno yalikuja. Mikono ilitulia, wateja wakapita akilini mmoja mmoja kama wanaoitwa kwa zamu. Mpaka likatokea "assuage", na hapo akakwama.

Alifumba macho. Bila kujua, vidole vikapanda juu ya meza vikaanza kutembea.

Msimamizi akaja. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye rasta zilizofungwa vizuri. "Dada, hiyo mikono inafanya nini? Unampa nani ishara?"

"Sitoi ishara, mama. Nasuka."

Msimamizi alitazama meza tupu, akatazama vile vidole. Huenda aliutambua mwendo wao, maana umewahi kupita kichwani mwake pia. "Basi suka polepole," alinong'ona. "Usitikise meza."

Vidole vikaendelea, na Dada Kamusi akaona havivuti wala havikazi. Vinagusa kwa uangalifu, kama vinapita juu ya kidonda. Akakikumbuka kichwa. Ni cha fundi cherehani mmoja aliyekuja saluni akilia, ngozi imechomwa na dawa ya kulainisha nywele aliyopakwa kwingine. Siku ile hakusukwa. Alipakwa mafuta taratibu, na katikati ya kilio chake akasema, "Lete kitabu nisome, labda nitasahau." Neno alilolisoma lilikuwa hilo. Maana yake ni kutuliza, kupunguza maumivu.

Alama zilitokea kwenye kompyuta palepale. Zilitosha, na kidogo zikabaki.

Kasuku alimaliziwa kichwa jioni hiyo hiyo. Shangazi anasema kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, mama huyo alikaa msuko mzima bila kuongea. Nesi aliyekuwa kwenye benchi ndiye aliyeongea badala yake.

Mwezi ujao Dada Kamusi anasafiri. Kitabu, ambacho wateja bado humsomea kwa mazoea, kinabaki saluni, kwa sababu wamekataa kiondoke. Anakwenda kusomea jambo moja: jinsi ya kutengeneza dawa ya nywele isiyochoma ngozi.

"Nimeona vichwa vingi vilivyoungua," anasema. "Wanakuja wamejifunika, wanaona aibu, kana kwamba kosa ni lao. Nikirudi, nataka nirudi na chupa ya kwanza mkononi."

Shangazi anauliza kwa sauti ni nani hasa atakayekubali kupakwa hiyo chupa ya kwanza. Benchi linacheka, kila mmoja anamsukuma jirani yake.

Fundi cherehani, ambaye juu ya sikio bado ana sehemu isiyoota nywele, anafungua kitambaa chake.

"Mimi," anasema. "Anza na hapa."