Unga Uliomwagwa Mapema

Kule Kizuka mutu akishikwa na homa hawaulizi daktari iko wapi. Daktari iko Bujumbura, anakunywa chai. Wanauliza: "Bonne Journée amefungua?" Mugeni akisikia anafikiri ni jina la butiki. Si butiki. Ni mwanamke, jina lake la ubatizo Elda, asistanti wa daktari. Anapasua jipu, anashona kichwa kilichopigwa panga, anazalisha, na mudomo wake haujawahi kulala njaa. Hilo jina la Bonne Journée alipewa kwa kuchekwa, mwaka ule wa embargo, nchi jirani zimefunga njia za bidhaa, wakati vita imekaa milimani na chumvi imekuwa ya kuonja kwa ncha ya kidole. Waliompa walitaka aibu imumalize. Yeye akalifunga kiunoni kama kitenge, akatembea nalo.

Mama yake alivuka ziwa kutoka Fizi, upande wa Kongo, na huyo Elda mugongoni. Akaanika ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa, kule Gitaza, pembeni ya barabara, miaka na miaka, mpaka barabara ikawa ya kufa watu, ndipo akashuka Rumonge. Shule hakuingia hata ya kupita. Kifaransa chake chote alikiokota pale Gitaza, kwa watu wa magari waliosimama kununua ndagala: combien, patron, merci, na wakiondoka, bonne journée, maana yake siku yako iwe nzuri. Kwa hayo maneno machache alijiona amesoma, na nani angemubishia? Ndagala zake ndizo zilizomupeleka Elda shule ya maasistanti.

Shule ile ilikuwa na sheria zake, na mutu asidanganye kwamba zilikuwa za kijinga. Kwanza unapita masomo ya darasani. Ukishapita unakwenda staji, maana yake unapelekwa kwenye kituo cha afya, unafanya kazi kwa wagonjwa wa kweli chini ya jicho la mwenye kituo, mpaka staji iishe yote. Yeye anakupa alama. Darasa bila staji, hakuna diploma. Staji bila jicho la mukubwa, hakuna staji. Ukikosa kimoja wanakuita ajournée: haukuanguka, haukupita, umesukumwa mbele kama muzigo uliokosa nafasi ndani ya boti.

Darasani Elda alipita. Staji wakamutuma Kigwena, kwa infirmier mumoja, muuguzi mwenye kituo, anaitwa Lukeba, mutu wa tumbo kubwa na maneno matamu. Alikuwa amefika zaidi ya nusu ya staji yake wakati risasi zilipoanza kulia upande wa milima. Lukeba hakungoja zifike. Akapakia bibi yake, mbuzi zake na godoro ndani ya boti, akavuka kwenda Kigoma. Ufunguo wa famasi alikwenda nao mufukoni. Ufunguo! Kama vile kule Kigoma kuna mulango unaoufungua. Huyo Lukeba Mungu amusamehe, maana huku pwani hakuna wa kumusamehe.

Watu wa Kigwena wakaingia ndani ya pori, lile pori lenyewe la Kigwena, na wengine chini ya michikichi. Elda angeweza kurudi Rumonge. Wenzake wa staji za vituo vingine walirudi, wakalala kwa mama zao. Yeye akavunja famasi kwa jiwe, akafunga ndani ya kitambaa alkoholi, uzi, wembe na vidonge vilivyobaki, akawafuata wagonjwa. Huko porini akafunga vidonda, akachemsha maji ndani ya sufuria ya ugali, akazalisha wanawake juu ya majani. Risasi ziliponyamaza akatoka, amekonda kama ukucha, akarudi shule akijua amemaliza.

Ikafika siku ya proklamasyo, kusomwa kwa majina mbele ya watu wote uani mwa shule. Sasa, kwa watu wa Kongo walioko pwani ile kuna desturi. Mutoto akipita, wa kwao wanamumwagia poda kichwani, nyeupe, mpaka kope. Anatembea nayo njia nzima, kila mutu anamusalimia, na hanawi kabla ya kukanyaga kizingiti cha nyumbani. Mwaka wa embargo poda ilikuwa ya mabibi wa wakubwa. Mama Elda akachukua unga wa muhogo, ule ambao wangekula jioni, akaufunga ndani ya kitenge, akasimama mbele kabisa.

Sekretari akaanza kusoma. Distinksyo, Jephté. Watu wakapiga makofi. Jephté huyo mpaka leo akiona damu anatafuta kiti, lakini basi, alipita. Satisfaksyo, fulani. Satisfaksyo, fulani. Elda alisimama mikono nyuma, anangoja neno lake la kupita. Halafu ile sauti ya pua ikasema: "Elda, ajournée."

Kabla hajajua aangalie wapi, mvua nyeupe ikamuangukia. Masikio, macho, mudomo, vyote unga. Na vigelegele vya mama yake vinapasua anga.

"Wamesema journée, siku!" mama yake anaruka, anashika watu mikono. "Wengine wote wamewaita maneno marefu tu, mutoto wangu peke yake wamemuambia journée! Leo ni siku yake! Bonne journée, mwanangu, bonne journée!"

Ua wote ukacheka. Walicheka wazazi, walicheka walimu, Jephté alicheka mpaka akashika mbavu. Mwanamke mumoja akamunong'oneza Mama Elda maana ya lile neno. Vigelegele vikakatika. Akabaki na kitenge kitupu mukononi, anakikunguta kunguta kana kwamba ndani kumebaki kitu cha kumusaidia.

Elda aliona uso wa mama yake. Uso wa juri, wale wakubwa wanaoamua nani amepita, haukumuuma, kicheko hakikumuuma. Uso ule ndio ulimuwasha moto.

Direkteri wa shule, Léonard, mutu mwembamba wa miwani, akashuka ngazi. Hakucheka yeye, tumupe haki yake. Akasema pole pole: "Binti, kuna bomba pale nyuma. Nenda unawe."

"Sinawi, bwana direkteri."

"Unasema?"

"Mutu akimwagiwa unga hanawi mpaka afike kwao. Na mimi kwetu siendi mpaka mniambie kwa nini."

"Utakaa hapo na unga?"

"Unga umekwisha kumwagwa. Sasa lazima uive ugali."

Wakacheka tena, lakini kicheko cha pili kilikuwa kidogo. Juri wakaingia ndani kuendelea na mambo yao. Elda akaenda akasimama mbele ya dirisha lao, mweupe, jasho linachora mistari usoni. Mama yake akaja akamuvuta mukono: "Twende, mama. Nimekuaibisha. Twende nyumbani."

"Haukuniaibisha wewe. Kaa hapa karibu."

"Wanatucheka."

"Wacheke. Meno ni yao."

Jua likapanda. Kila mwana juri akiinua macho anaona ule uso mweupe, macho mekundu. Mutu gani atakunywa Fanta yake mbele ya kitu kama hicho? Direkteri Léonard akaamka, akafungua dirisha.

"Sikiliza," akasema. "Staji yako haina alama ya mwisho. Lukeba hayuko. Tumeandika umeacha staji."

"Nimeacha? Ni kituo ndicho kiliacha. Kilipanda boti na mbuzi zake. Mimi nilibaki na wagonjwa."

"Porini si kituo."

Hapo Mama Elda akashindwa kunyamaza. "Baba, mimi sikusoma, lakini kituo ni pale mutu anapotua muzigo. Wanawake wale walitua wapi? Si porini?"

Direkteri akavua miwani, akafuta. "Mama, nakuheshimu. Lakini ngoja nikuambie kitu. Mwaka uliopita mwanafunzi alikuja na maneno kama haya. Nilifanya kazi bila mukubwa, nilizalisha, nilipiga sindano. Tukamuhurumia, ju ya vita. Tukamupa diploma. Akamupiga mutoto sindano mahali pabaya, mutoto akafa mikononi mwa baba yake. Mimi ndiye nilienda matanga. Kwa hiyo usiniombe huruma. Huruma nilishatoa, na ilizikwa."

Elda aliyaingiza yale maneno mpaka chini. Angeweza kulia pale, na unga ungekuwa uji. Akasema: "Siombi huruma. Huruma mpe Lukeba. Mimi naomba jicho. Sheria yenu inasema staji bila jicho la mukubwa si staji. Basi nipe jicho. Lile kali kuliko yote mliyo nayo."

Ndani ya chumba mutu akasema kwa kejeli: "Mupeni Domitille." Wote wakatoa pumzi ya kicheko. Domitille alikuwa mukubwa wa uzazi hospitalini, mama mufupi mwenye viganja vya mwanamume. Wanafunzi walimukimbia. Alishawahi kumurudisha mumoja nyumbani kwa kosa la kucha.

"Ndiyo," Elda akasema. "Mnipe yeye. Staji nzima, toka mwanzo. Hata ile nusu ambayo Lukeba aliiona, naifanya tena. Vakansi, hii likizo yenu, ikiisha, yeye aseme."

"Akisema hapana?" direkteri akauliza.

"Nitauza ndagala, na wewe utakuwa umetenda haki."

Direkteri akaangalia wenzake, akaangalia ule uso. "Kesho asubuhi," akasema. "Na unawe."

Elda akarudi nyumbani katikati ya barabara, si pembeni, na unga wake wote. Watoto wa sokoni wakamufuata: "Bonne Journée! Bonne Journée!" Akawaitikia kama mutu anayesalimiwa: "Merci, wangu. Kwenu hawajambo?" Pale kizingitini ndipo aliponawa. Jioni ile nyumbani walikula ndagala bila ugali, maana ugali ulikuwa umebaki uani mwa shule.

Domitille alimupokea bila kumuangalia. "Wewe ndiye wa unga?"

"Ni mimi, mama."

"Hapa hakuna dirisha la kusimamia. Chukua ndoo."

Vakansi nzima ilikuwa hivyo. Ndoo, damu, chupa za serumu, maji ya kutundikia wagonjwa, zinazohesabiwa kama dhahabu ju ya embargo, wanawake wanaoletwa na baiskeli kutoka kambi za waliokimbia, wengine wamechelewa. Domitille hakusifu. Siku moja, wanachemsha vyombo, akamuuliza: "Kule porini, kondo la nyuma likikawia, ulifanya nini?"

Elda akajibu kwa kiburi chake: "Nilivuta kamba ya kitovu. Likatoka."

Domitille akaweka chombo chini. "Ulivuta kabla halijaachia?"

"Damu ilikuwa inatoka, mama. Niliogopa."

"Na wewe ukaiongeza. Ungeweza kugeuza tumbo la uzazi nje kama mufuko. Yule mwanamke aliishi kwa bahati yake, si kwa mukono wako. Sema."

"Niseme nini?"

"Sema ulivyokosea. Kwa sauti."

Shingo ya Elda ikakaza. Mutu aliyesimama mbele ya juri na unga, leo akunje shingo mbele ya ndoo? Lakini akamuona yule mwanamke wa porini, midomo imekuwa ya majivu, anaomba maji. Akasema, kwa sauti, wagonjwa wote wanasikia: "Nilivuta kabla ya wakati. Nilikosea. Sitavuta tena."

"Na bado utasimama hapa kesho?"

"Nitasimama. Nani atanitoa?"

Domitille akarudi kwenye vyombo vyake. Lakini toka siku ile akikaa kwa mwanamke mwenye uzazi mugumu alikuwa anaita: "Wewe wa unga, njoo uone." Na baadaye: "Njoo ushike." Na mwisho akakaa kwenye kiti, akaweka mikono mapajani, akamuacha Elda peke yake na mwanamke, mutoto amekuja matako mbele. Macho ya Domitille hayakupepesa. Mutoto akatoka, akalia. Domitille akaamka, akasema: "Kucha zako zikate," akaondoka. Usiku ule furaha ilimunyima Elda usingizi.

Proklamasyo ya pili ilikuwa ndogo, majina machache tu. Lakini watu walijaa. Nusu ya soko ilikuja, si kwa upendo, walikuja kuona kama Mama Elda atamwaga tena. Walimuangalia mikono. Alikuja mikono mitupu, amefunga kitenge kile kile kichwani, ameshika uso kama jiwe la kusagia.

Sekretari akasoma kwa pua yake: "Elda, satisfaksyo."

Makofi yakalia. Domitille nyuma kabisa hakupiga, alitikisa kichwa mara moja tu, na wanaomujua walishangaa. Halafu watu wote wakageuka kwa mama, wanangoja unga.

"Mama Elda," mwanamke mumoja akaita, na kicheko kiko tayari kwenye koo, "leo ndiyo siku yenyewe! Hili ndilo neno la kufaulu! Unga uko wapi? Umeusahau siku unayotakiwa kuuleta?"

Mama Elda akamuangalia toka kandambili mpaka kitambaa cha kichwa. Akamushika binti yake mukono, wakaanza kuondoka katikati ya watu, na watu wakawapisha.

"Unga wa kwangu nilishamwaga," akasema. "Mimi sikukosea siku. Hao ndio walichelewa."