Mstari wa jembe kuzunguka mlingoti

Mke wangu alichora mstari ardhini kwa jembe kabla sijafungua kamba hata moja. Ulianzia nyuma ya mashua, ukapanuka kila upande kupita urefu wa mlingoti, ukakutana mbele. Kisha akasimama nje yake na jembe begani. Makubaliano yetu yalikuwa haya: nikisimamisha mlingoti bila mtu mwingine kukanyaga ndani ya mstari ule, mashua inabaki. Nikishindwa, mfanyabiashara wa Dilolo aliyekuwa njiani na lori lake angeichukua jioni hiyohiyo, akaifanye ya kubebea samaki.

Hakuwa mkali bure. Mara ya kwanza tulifanya kama kila mtu anavyofanya huku kwetu: tuliita majirani, tukaimba, tukainua kwa mabega. Mlingoti uliteleza ukampiga jirani yetu wa mtaani Kapata, ukamvunja mtulinga. Mifupa iliunga, lakini tangu siku ile, kila nilipoitaja mashua, mke wangu alikuwa anatoka nje.

Nilikuwa msimamizi wa kikosi cha kusimamisha nguzo za umeme migodini, na ninapenda kueleza vitu. Kwa hiyo nikueleze kifaa changu, maana ukikielewa unaweza kukitengeneza hata wewe. Mguu wa mlingoti umeshikwa na bolti moja nene iliyolala kukatiza mashua, nao unazunguka hapo kama mlango kwenye bawaba. Mlingoti ukiwa umelala kuelekea nyuma, hauinuki kwa kuvutwa tu kutoka mbele. Kamba inausukuma kwenye bolti, basi. Unahitaji kitu cha kuipa kamba kimo. Nilichukua bomba la zamani la maji, nikalifunga mguuni mwa mlingoti, likasimama wima wakati mlingoti umelala. Kamba inatoka ncha ya mlingoti, inapita ncha ya bomba, inashuka mbele hadi kwenye winchi. Bomba likivutwa chini, mlingoti unapanda. Winchi niliiunda kwa kitovu cha gurudumu la pikipiki na gia ya baiskeli, na jino la chuma linaloizuia isirudi nyuma. Jino nililikata kwenye springi ya lori.

Zilibaki kamba mbili za ubavuni, za kuzuia mlingoti usilalie upande. Hizo nilizifunga kama mkono wangu ulivyozoea: nilipigilia baramini mbili ardhini, ile mitaimbo ya kuvunjia mawe, moja kulia, moja kushoto, nikafunga kamba chini kabisa, karibu na udongo.

Nikaanza kuzungusha. Jino lilidondoka kwenye gia, tak, tak, na ncha ya mlingoti ikaachana na nyasi. Usiwe na haraka hapa. Zungusha, simama, tazama, zungusha tena. Mwanzo ndio mzito; mlingoti ukishapanda unatakiwa kuwa mwepesi.

Vijana wachimbaji waliokuwa wakiosha mawe yao ufukweni, hapa kwenye ziwa la Nzilo, waliniona. Waliacha mifuko wakaja mbio, tayari mikono juu. Kumwacha mtu mzima ahangaike peke yake ni aibu kwao, na sikuwalaumu. Mke wangu akawawekea jembe mbele.

Mmoja akautazama mstari, akamtazama yeye. "Mama, hii ni mupaka ya Angola?"

"Njo mupaka. Na mi njo duane."

Wakacheka kusikia amejifanya ofisa wa forodha, lakini wakasimama. Jirani yetu wa Kapata, aliyewahi kushika kamba katika kikosi changu cha nguzo, alikuwa amekuja pia, akakaa juu ya gurudumu kuukuu, nje ya mstari.

Mlingoti ulipofika kama nusu ya njia, mkono wa winchi ulizidi kuwa mzito badala ya kupungua. Nilidhani gia imeingia mchanga. Nikaegemea kwa uzito wote. Kamba za ubavuni zikakaza hadi zikaanza kulia kwa sauti nyembamba, na kushoto, udongo mwekundu ukapasuka mguuni mwa baramini. Chuma kikainama kuja upande wangu. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza kutoka magharibi, na ncha ya mlingoti ikatikisika kuelekea pale walipokuwa vijana.

Mke wangu akawarudisha nyuma zaidi, bila kelele. Mimi nilibaki na mkono kwenye winchi. Kuongeza kungeng'oa baramini. Kuacha nisingeweza, kwa sababu sikuliamini jino langu kubeba mzigo ule peke yake.

Jirani akasimama, akaja hadi mstarini, ncha ya kiatu ikaugusa.

"Tata," akasema, "kwa nguzo mi nilikuwa naachiliaka kamba pole pole. Pale tulikuwa batu. Baramini haina mukono."

Miaka yote ile nilikuwa nimegeukia winchi, nikiamini watu wa ubavuni wameshika tu. Kumbe walikuwa wakiachia. Fikiria: kamba imefungwa chini, karibu na udongo, lakini mlingoti unazunguka kwenye bolti, juu, usawa wa kifua changu. Kadiri ncha inavyopanda ndivyo inavyokwenda mbali na kifundo kile cha chini. Mtu angehisi na kulegeza. Chuma hakihisi.

Jirani akanionyesha mkono wake mzima, akauliza kwa macho kama aingie kusaidia. Nikatikisa kichwa, akarudisha mguu.

Kwa hiyo nilishusha, na kushusha kunatisha kuliko kupandisha. Unainua jino kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukibeba mzigo wote, unaacha gia irudi kidogo, unalidondosha jino tena. Kiganja kikilowa jasho, simama, futa kwenye suruali. Hakuna aliyecheka tena. Mlingoti ulipolala kwenye nyasi niligundua nimeuma mdomo.

Nikazing'oa baramini, nikazipigilia upya sawasawa na bolti, nyingine kulia, nyingine kushoto. Safari hii nilifunga kamba juu, nikiinama na kufumba jicho hadi kifundo, bolti na kifundo cha pili vikawa mstari mmoja. Ili baramini zisivutwe ndani, kila moja ilihitaji kamba ya nyuma na jiwe zito. Nikawaambia vijana, sasa nisaidieni. Waliviringisha mawe hadi kwenye mstari wa jembe, wakayaacha hapo, nami nikayamalizia.

Matone yalikuwa yameanza. Nikazungusha. Tak, tak. Kamba za ubavuni hazikulia, hazikulegea. Kupita nusu, mkono ukawa mwepesi, kama nilivyokuahidi, na mlingoti ukaenda wenyewe hadi wima. Nikafunga kamba ya mbele, nikapitisha pini, nikakaa chini kwenye matope.

Mke wangu alikuwa kwenye simu, akimwomba msamaha yule wa Dilolo kwa safari ya bure. Alipomaliza aliuvuka mstari, wa kwanza siku ile, akaizunguka mashua polepole akiigongagonga kwa mpini wa jembe, kama anayetafuta kiti.

"Na mi," akauliza, "nitaikala wapi?"