Mbuzi Nao Walikula?

Sijawahi kusoma chuo kikuu, ila nimekipikia kwa miaka mingi. Nyumba yetu hapa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, iko karibu na ziwa, ina vyumba vya wageni uani, na tangu Baba alipostaafu kazi ya serikali wageni wake wamekuwa watafiti. Si kwamba aliwachagua. Alikuja mmoja, akamwambia mwenzake kwamba kwetu maji ya moto yapo na sambaza, dagaa wa ziwa letu, hazina mchanga, na hivyo ndivyo tulivyogeuka bweni la wasomi. Ninaposema Baba nina maana ya baba yangu mkubwa, kaka wa baba yangu mzazi. Yeye ndiye aliyenilea.

Nimewapakulia chakula watu wanaosoma mambo ambayo sikujua kwamba yanasomeka. Alikuwapo mama mmoja aliyetafuta vidudu vinavyoishi ndani ya mashavu ya samaki. Mwingine alikwea vilima vya Busasamana kila asubuhi kuangalia viazi vinavyooza shambani, na jioni akitengewa viazi alivisogeza pembeni, akisema ameviona vya kutosha. Kulikuwa na kijana aliyeshinda Petite Barrière, pale mpakani wanapovuka waendao Goma kwa miguu, akiwauliza wanawake wabeba mizigo migongo yao inauma wapi hasa. Mmoja alifuatilia nyimbo za kanisani zilizovuka mpaka zikabadilika mwendo. Mmoja alitufuata hadi jikoni kunasa sauti zetu tunavyosema "iko", mpaka mpishi mwenzangu akaanza kusema Kifaransa makusudi. Na watu wa gesi za ziwani walikuwapo wakati wote, wakitoka na kuingia na mitungi yao.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wale walikuwa wamesuka. Lakini wakikaa meza moja hawakuwa na la kuambiana. Wa samaki akieleza, wa nyimbo alitikisa kichwa kwa adabu na kuomba pilipili.

Baba alikuwa na desturi yake. Sahani zikishaondolewa, kabla sijaleta nanasi, aliwageukia na kuuliza, "Bon, leo mumejifunza nini?" Hakuna aliyepata nanasi bila kujibu. Alikuwa ametolewa shuleni mapema ili alee wadogo zake, na nadhani pale mezani ndipo alipojilipia. Alisikiliza habari za vidudu kwa heshima ileile aliyowapa wachungaji. Nilimcheka chini kwa chini, nikiona ni mchezo wa mzee asiye na kazi.

Sasa niseme habari ya mama yangu, kwa sababu bila hiyo hakuna ninachosimulia.

Baba yangu mzazi alifariki nikiwa bado nanyonya. Wakati huo ukoo wetu ulikuwa ng'ambo, Kongo, magharibi mwa Goma, kwenye ardhi ya mawe meusi ya volkano. Hadithi niliyolelewa nayo ni fupi. Asubuhi moja mama alimpikia mumewe bugari, ule ugali wa muhogo, akamwandalia, yeye mwenyewe asiutie mdomoni. Mumewe alikula, akatoka kwenda kutafuta mbuzi wawili waliokuwa wamekata kamba. Adhuhuri wakamkuta amelala ndani ya kibonde, hana jeraha wala tone la damu, na mbuzi wamelala kando yake. Wote wamekufa.

Kwetu anayekupa chakula au kinywaji huonja kwanza mbele yako, ili moyo wako utulie. Mama hakuonja. Ilikuwa Ramadhani, na yeye alikuwa Mwislamu aliyeolewa kwa Wakristo, mbishi wa kufunga hata akiwa ananyonyesha. Wakwe zake waliijua Ramadhani kwa jina tu. "Amepika na hakuonja" ndiyo maneno yaliyomtoa nyumbani. Kabla ya mazishi alikuwa ameshapelekwa kwao Goma, nami nikaachishwa ziwa siku hiyohiyo.

Na mbuzi? Mbuzi walikuwamo ndani ya hadithi siku zote. Kwetu walikuwa kipimo cha ukali wa sumu: ilikuwa kali kiasi kwamba hata wanyama aliowagusa walikufa. Nilisimuliwa hivyo nikaamini hivyo, na mimi ni mtu ninayejiona mjanja. Wenyeji wa pale walikuja matangani wakasema ni mazuku, upepo mbaya unaokaa mashimoni. Ukoo wetu ulikuwa mgeni pale, tena wa kanisani, ukawaambia waache ushirikina wao. Tukakataa upepo, tukakubali sumu.

Baada ya sisi kurudi Rwanda, mama alikuwa akivuka mpaka kununua karoti na kabichi, na siku nyingine alipita kwetu. Hakuingia. Alisimama getini na mfuko wa maandazi, akamega moja, akala mbele yangu, akangoja kidogo, kisha akanipa yaliyobaki. Nilishukuru. Alipopinda kona, Baba aliyachukua akawamwagia kuku. Kuku hawakufa hata siku moja, na hilo nalo hatukuliangalia. Nilimwita "mama wa Goma", kama mtu anavyotaja aina ya kitenge. Nilimpenda kidogo na kumwogopa sana, na nilikua hivyo, nikaolewa hivyo, bila kula kitu kilichotoka mkononi mwake.

Kiangazi kimoja, si zamani, tulikuwa na wageni wawili. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa chuo, mwanamke, aliyekuwa akitafiti hofu ya kulishwa sumu. Kiswahili alijifunzia Tanzania, kikamtoka kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Wa pili alikuwa Mkongomani, mtu wa gesi. Huyu hakupenda maongezi, alipenda sambaza. Walipanga vyumba vinavyopakana na hawakuwahi kuulizana kazi zao zaidi ya salamu.

Mchana mmoja mwalimu alimwambia Baba, "Mzee, naomba unisimulie kisa kimoja unachokijua wewe mwenyewe."

Baba akasimulia, mimi nikiwa nimesimama na bakuli la mchuzi. Hakusema ni mdogo wake, wala hakunitazama. Alisema "mutu moja" na "bibi yake", yaani mkewe. "Alimupikia, hakuonja. Mutu akakula, akaenda kutafuta mbuzi, akakufa kule mu shimo. Na mbuzi zake mbili zikakufa."

Mwalimu alichangamka. Aliuliza nani alikuwa wa kwanza kutaja sumu, majirani walimtazama vipi yule mke, aliondoka na nini. Yalikuwa maswali mazuri. Hakuuliza kama ni kweli alimlisha sumu. Nilipomdodosa baadaye alinijibu kwa upole kwamba hiyo siyo kazi yake, yeye anasoma jinsi watu wanavyoogopa.

Mtu wa gesi aliinua kichwa kutoka kwenye sahani yake.

"Pardon, mzee. Na mbuzi nazo zilikula ile bugari?"

Baba alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

"Hapana," alisema.

"Ilikuwa asubuhi? Hakukuwa upepo?"

"Asubuhi. Upepo haukuwa."

"Donc ni mazuku," alisema yule bwana, akachukua sambaza nyingine.

Mwalimu ndiye aliyetaka kujua mazuku ni nini, na yule akaeleza bila haraka. Ni hewa nzito inayotoka ardhini, haina rangi, wala huwezi kuinusa ukaijua, na kukiwa hakuna upepo hutulia shimoni kama maji kwenye karai. Mbuzi akiinamia majani anaanguka, na mtu akiinama kumwinua anaanguka juu yake. Upepo ukivuma mchana inatawanyika, ndiyo maana wanaokuja kuchukua maiti hawadhuriki. Wenzake walishaipima, wanavijua na vibonde vyenyewe. Nilimwuliza kama kuna watu waliosingiziwa kwa vifo vya namna hiyo. Akasema hilo hajui, si fani yake.

Siku ile Baba hakuuliza mtu amejifunza nini. Nanasi lilibaki jikoni.

Niliwakasirikia wote wawili, ingawa hawakuwa na kosa. Mmoja alijua kinachoua na hakuwahi kuuliza nani alilaumiwa. Mwingine alijua nani hulaumiwa na hakuhitaji kujua kinachoua. Wakalala wakitenganishwa na ukuta wa tofali moja, na isingekuwa ile meza kila mtu angerudi kwao na nusu yake. Kisha nikakumbuka kwamba hata sisi wa nyumbani tulikaa na watu wa gesi tangu nikiwa shule ya msingi, na nilishawasikia wakitaja hewa nzito mara nyingi, katikati ya kugawa wali. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Haya ya kwangu yalikuja yameshaota mvi.

Asubuhi Baba aliniita barazani. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na nikadhani anataka tuvuke pamoja. Alikaa muda mrefu akishika vifungo.

"We uende," alisema mwishowe. "Umuambie yote. Mi sina uso."

"Baba, ni wewe unayepaswa kumwambia."

"Najua."

Akavua koti. Sikubishana naye tena, na mpaka leo sijui kama nilimhurumia au nilichoka naye.

Nilivuka Petite Barrière peke yangu, nikijibana katikati ya wanawake wenye magunia ya kabichi. Mama alikuwa ameshaacha biashara, magoti yamekataa. Alinitandikia mkeka chumbani kwake, akakaa juu ya kitanda, na mimi nikamwambia kila kitu kwa mfululizo, bila salamu za kutosha: mgeni wa gesi, shimo, hewa, asubuhi isiyo na upepo, mbuzi.

"Mbuzi?" alisema. "Mbuzi gani?"

Nilidhani hakunisikia. "Wale aliokwenda kuwatafuta. Walikufa pamoja naye."

"Mbuzi zilikufa?"

Hakuwahi kuambiwa. Waliombeba baba ndio waliowaona, na hao hawakusema naye tena neno lolote isipokuwa matusi. Yeye aliletewa maiti tu. Ukoo mzima ulikuwa na mbuzi kwenye hadithi yake miaka yote, na mtu pekee ambaye wangemsaidia hakuwa nao.

Akaniomba nirudie ile sehemu ya hewa. Nikairudia. Akaomba tena, polepole, nami nikaisema tena kama nilivyoisikia kwa yule bwana.

"Mi nilijua ni muhogo," alisema.

Sikuelewa.

"Ile muhogo ilikuwa chungu, na haikukaa sana mu maji, na ile isipokaa inaua mutu. Nilikuwa naharakisha. Nilikuwa nafunga, sikuonja, singejua ladha yake. Wakati wanasema nimemupa sumu, nilijisemea, sumu sikutia, lakini ni mi nimemuua." Alizungumza akiangalia mikono yake. "Sikuwajibu kitu. Ningejibu nini?"

Ukoo ulikuwa ukisema kwamba kunyamaza kwake ni ushahidi. Nililisikia hilo utotoni, na nililisema mwenyewe kwa mume wangu.

"Mama," nilimwambia, "hukumuua mtu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayejaribu neno jipya.

"Watu walikuwa wananiambia, we enda ukamate mutoto wako, sheria iko, mutoto angali ananyonya. Hata kaka yangu alitaka twende na yeye. Nilikataa." Ndipo aliponitazama. "Mutu ameua baba ya mutoto, ataenda kumuomba mutoto na uso gani?"