Mpira wa Tyubu

Jumamosi, kwenye mashindano ya roboti za wanafunzi hapa Babati, roboti ya wasichana wa Bonga iligoma kutoka mstarini. Magurudumu yalizunguka bure. Walizoea sakafu ya saruji, na ukumbi ulikuwa na vigae. Zilibaki dakika tatu mchuano uanze. Mmoja wao alikuwa anang'ata kola ya sare.

Binti wa timu pinzani, timu ya mwanangu, akafungua mpira wa tyubu uliofunga boksi lao, akaukata vipande. "Zungusheni hivi kwenye magurudumu, hayatateleza."

Mwalimu wake akang'aka, "Unawapa ushindi!"

"Sasa Mwalimu, tutashindana na nani?"

Tulifungwa kwa pointi moja, na binti akapiga makofi. Mikono yangu ilichelewa. Dakika zile tatu nilikuwa namwomba Mungu magurudumu yaendelee kuteleza.